Sauti ya santuri inapotoka hafifu kwenye CD: uchambuzi wa kisa kimoja

Lalamiko lilikuwa fupi. Santuri imerekodiwa, CD imechomwa, lakini ikiwekwa kwenye redio haisikiki mpaka sauti ipandishwe karibu hadi mwisho. Ikishasikika, ni nyembamba: besi hakuna, matoazi yanachoma masikio, na nyuma ya muziki kuna kelele ya "shii" isiyokatika. Mwenye nayo akisahau kushusha sauti kabla ya kuweka CD ya dukani, spika nusura zipasuke.

Vifaa vilikuwa vya kawaida: gramafoni inayozungushwa kwa mkanda, yenye katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya aina ya MM, yaani ya sumaku inayotikisika, waya wa RCA, kifaa cha kurekodia cha USB chenye milango miwili ya LINE (ya kupokea sauti iliyokwisha kukuzwa) na kidhibiti cha sauti kwa kila mlango, kompyuta yenye Audacity (programu ya kurekodi na kuhariri sauti), na kichomea CD. Waya ulitoka kwenye gramafoni ukaingia moja kwa moja kwenye kifaa cha USB, bila amplifaya wala kitu kingine katikati. Santuri ilikuwa LP ya inchi 12, ya mizunguko 33⅓, safi kiasi, dakika 20 hivi kila upande.

Kwanza namba

Anayelalamika kwamba sauti ni ndogo huenda amepungukiwa desibeli 3 au desibeli 40, na makosa hayo mawili hayakai mahali pamoja. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, ichezwe sehemu ya santuri yenye kishindo zaidi, na mita ya programu isomwe. Kwenye mita hiyo 0 ndiyo dari. Kinachozidi 0 hukatwa kichwa, na kikishakatwa hakirudi. Rekodi nzuri ya santuri huwa na vilele kati ya −12 na −6 dB. Hapa vilele vilifika −44 dB tu, huku kiwango cha kurekodi kwenye kompyuta kikiwa asilimia 100.

Upungufu ni desibeli 35 hivi. Kila desibeli 6 ni volti mara mbili, na kila desibeli 20 ni volti mara kumi, hivyo desibeli 35 ni zaidi ya mara hamsini. Sindano iliyochakaa haipotezi kiasi hicho. (Watu hukimbilia kununua sindano mpya kwanza, sindano iliyolika huleta mikwaruzo kwenye herufi "s" na huharibu santuri, lakini haimezi sauti kwa kiwango hiki.) Waya mchafu nao huleta sauti inayokatikakatika au upande mmoja kufa. Desibeli 35 zikikosekana pande zote mbili kwa usawa, ni hatua nzima ya ukuzaji ambayo haipo.

Hesabu inathibitisha. Katriji ya MM hutoa milivolti 3 hadi 6 kwenye kipimo cha kawaida, yaani mlio wa hezi 1,000 uliokatwa kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde. Hii ilikuwa ya milivolti 4. Mlango wa LINE wa kifaa hiki ulifika dari kwenye volti 2, kiwango kilekile ambacho CD pleya hutoa ikifikia kilele. Milivolti 4 dhidi ya volti 2 ni mara 500, sawa na desibeli 54. Sehemu zenye kishindo za LP hupanda desibeli 10 hivi juu ya kipimo, na 54 ukitoa 10 unabaki na 44. Mita haikukosea hata kidogo.

Wembamba wa sauti nao una maelezo yake, na ndio uliopaswa kumshtua mwenye vifaa mapema kuliko udogo wa sauti. Santuri hazikatwi na besi kamili. Tangu 1954 viwanda vilipoanza kukubaliana juu ya mkunjo wa RIAA (kanuni ya chama cha kampuni za rekodi za Marekani), besi hupunguzwa wakati wa kukata santuri na sauti za juu huongezwa: kwenye hezi 20 zimepungua kwa takriban desibeli 20, na kwenye hezi 20,000 zimeongezwa kwa kiasi kama hicho. Besi ikikatwa ilivyo, mfereji ungeyumba mpaka uingie kwenye mfereji wa jirani, na upande mmoja usingetosha dakika 20. Sauti za juu huongezwa ili zikishushwa wakati wa kucheza, kelele za plastiki zishuke pamoja nazo. Kazi ya kuugeuza mkunjo huo ni ya priampu ya fono, kifaa ambacho pia huikuza sauti ya katriji mpaka ifae mlango wa LINE. Basi sauti ikiwa ndogo na nyembamba kwa pamoja, dalili zote mbili zinaelekeza kwenye kifaa kimoja kinachokosekana. Ikiwa ndogo lakini besi iko sawasawa, priampu ipo na kosa liko mbele zaidi.

Majaribio yaliyotangulia

Mwenye vifaa alikuwa amejaribu njia mbili, na zote mbili hujaribiwa na karibu kila mtu.

Ya kwanza ilikuwa kuikuza rekodi ndani ya Audacity kwa desibeli 43. Sauti ilipanda kweli, na kelele ikapanda nayo kwa desibeli zilezile 43. Ukirekodi kwa biti 16, kila biti ni desibeli 6 hivi; vilele vikiwa −44 dB, biti saba za juu hazikutumika kabisa, na muziki umebanwa kwenye tisa zilizobaki. Kurekodi kwa biti 24 hupunguza tatizo hilo, ila kelele ya umeme ya mlango wa LINE wenyewe na mvumo wa nyaya vinabaki palepale, kwa sababu vimeshaingia kabla ya biti kuhesabiwa. Audacity ina mkunjo wa RIAA kwenye kichujio chake cha kusawazisha masafa, na ukiutumia besi hurudi. Lakini besi hiyo hurudi na mvumo wa hezi 50 au 60 uliokuzwa pia. Ni njia ya kuokoa rekodi ambayo santuri yake imeshapotea. Santuri ikiwa bado ipo, irekodiwe upya.

Ya pili ilikuwa kuhamishia waya kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Mita ilipanda vizuri, ndiyo maana njia hii hudanganya wengi. Tundu la maikrofoni lina ukuzaji mkubwa, ila halina RIAA, na kwenye kompyuta nyingi ni la chaneli moja. Upinzani wake ni wa kiloomu chache ilhali katriji ya MM inahitaji kiloomu 47. Ikibebeshwa mzigo mzito kiasi hicho, sauti zake za juu huzimika. Tena tundu hilo hupeleka volti chache za umeme kwa ajili ya maikrofoni, umeme ambao hauna kazi ndani ya nyuzi nyembamba za katriji. Na kama kompyuta ina tundu moja tu la hedifoni na maikrofoni kwa pamoja, jeki ya kawaida ya stereo huunganisha pini ya maikrofoni na ardhi, na kompyuta huona hedifoni tu. Hapo mtu anaweza kurekodi maikrofoni ya ndani ya kompyuta, yaani sauti ya chumba, akidhani ni santuri. Jaribio lake ni rahisi: gonga kwa kucha ubavuni mwa kompyuta. Mita ikiruka, unachorekodi si gramafoni.

Priampu ilipoingia

Iliwekwa priampu ya fono ya MM yenye ukuzaji wa desibeli 36. Priampu za MM nyingi hukuza kati ya desibeli 34 na 42, kwa hiyo hii iko katikati. Kabla ya kuinunua, sharti kuangalia nyuma au chini ya gramafoni kama hakuna swichi yenye PHONO upande mmoja na LINE upande wa pili. Ikiwepo, priampu imo ndani tayari: swichi iwekwe LINE na kazi imeisha. Kuweka LINE kisha kupitia priampu ya pili ni kosa la upande wa pili. Ukuzaji unafika desibeli 70 na ushee, besi inageuzwa mara mbili, na kinachotoka ni ngurumo iliyopasuka. Gramafoni hii haikuwa na swichi.

Mpangilio ulikuwa hivi. Waya wa RCA wa gramafoni uliingia kwenye IN ya priampu, nyekundu kulia na nyeupe kushoto. Waya mwembamba wa ardhi wenye kijiuma mwishoni ulifungwa kwenye skrubu ya GND. Ukiachwa ukining'inia, mvumo husikika mara moja na hukoma ukiugusa kwa kidole. Kati ya gramafoni na priampu waya uwe mfupi, mita moja hivi, kwa sababu kila mita huongeza kapasitansi (uwezo wa waya kushika chaji ya umeme), nayo ikizidi hubadilisha sauti za juu. Kati ya priampu na kifaa cha USB unaweza kuwa mrefu zaidi bila madhara. Priampu yenyewe isikae juu ya transfoma wala karibu na mota.

Kwenye kifaa cha USB, kila mlango ulikuwa na swichi ndogo ya kuchagua LINE au INST (ya gitaa), na mmoja uliokuwa umesahauliwa kwenye INST ukarudishwa LINE. Kwenye Audacity kilichaguliwa kifaa sahihi, stereo, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 24. Sehemu ileile yenye kishindo ilipochezwa tena, muziki ulifika −11 dB. Kwa hesabu kavu ungefika −8, ila priampu sasa inashusha zile sauti za juu zilizokuwa zimeongezwa, na ndizo zilizokuwa zikigonga vilele vya mwanzo. Besi ilirudi, kelele ikazama.

Mwenye amplifaya ya zamani yenye mlango wa PHONO hahitaji kununua priampu, maana ameshanunua: achomeke gramafoni kwenye PHONO na achukue sauti kwenye REC OUT au TAPE OUT. Milango hiyo haifuati kidhibiti cha sauti cha amplifaya, hivyo kukizungusha hakutabadilisha mita kwa lolote. Amplifaya nyingi hutoa milivolti 150 hapo, ambazo kwa mlango wa volti 2 ni desibeli 22 chini ya dari. Vilele vya muziki vitakuwa karibu na −12, na hilo linatosha. Kwenye milango ya spika pasiunganishwe waya wowote wa kurekodi. Umeme wa pale unaweza kuunguza kifaa.

Kushoto kulikuwa chini kwa desibeli 4

Mita ilionyesha chaneli ya kushoto iko chini ya kulia kwa desibeli 4 muda wote. Katriji nzuri huruhusiwa kutofautiana pande zake kwa desibeli 1.5 hadi 2, kwa hiyo 4 ni nyingi. Vichwa vya RCA vilibadilishwa mahali pa kuingilia kifaa cha USB, nyekundu ikaenda kushoto. Udhaifu ulibaki kushoto vilevile. Basi gramafoni, katriji na priampu hazina hatia. Kosa liko kwenye kifaa cha USB. Vidhibiti vyake viwili vilizunguka laini bila kituo katikati, na macho yalikuwa yamevikadiria vibaya.

Namna ya kuvisawazisha ni kucheza santuri ya mono, ambayo pande zote mbili hubeba kitu kimoja, na kuzungusha mpaka mita zilingane. Kisha vichwa vibadilishwe tena ili kuhakikisha kwamba tofauti ya katriji yenyewe haikuingizwa kwenye usawazishaji. Vikishakaa sawa, viwekewe alama ya kalamu.

Kama udhaifu ungehama pamoja na waya, hatua ya pili ingekuwa kufungua kichwa cha mkono na kutazama nyuzi nne nyuma ya katriji: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Vibanio vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele na hulegea. Kimoja kikichomoka, upande wake hufa au huvuma. Nyeupe na buluu zikibadilishana nafasi, mita za stereo hazionyeshi kasoro yoyote, lakini ukirekodi kwa chaneli moja pande mbili hufutana: besi na mwimbaji wa katikati hutoweka, kunabaki mwangwi. Hilo nalo huletwa kama lalamiko la sauti ndogo.

Upo pia upungufu wa desibeli 20 kamili, ambao haukuwa wa kisa hiki. Priampu ipo, besi ipo, lakini mita inaishia −30. Hapo aina ya katriji itazamwe. Katriji ya MC, ambayo kinachotikisika ni koili badala ya sumaku, hutoa milivolti 0.4 badala ya 4, na kwenye priampu ya MM itapungua kwa mara kumi barabara. Swichi ya MC kwenye priampu, yenye ukuzaji wa desibeli 60 hivi, ndiyo dawa.

CD ya pili, lalamiko la pili

Baada ya hayo yote CD mpya ilichomwa, na bado ikawa chini ya CD za dukani. Safari hii haikuwa nyembamba wala yenye kelele. Ilikuwa ndogo tu. Programu iliambiwa ipandishe vilele hadi −1 dB, ikapandisha nusu desibeli na kusimama.

Sababu ilionekana pale wimbi lilipokuzwa kwenye skrini. Muziki wote uliishia karibu na −11 dB, lakini palikuwa na miiba minne mitano myembamba, kila mmoja wa muda usiofika milisekunde, iliyofika −1.5. Ni mipasuko ya vumbi na mikwaruzo. Programu hupima kilele kirefu kuliko vyote bila kujali ni fidla au ni vumbi, na mwiba mmoja unatosha kuuzuia upande mzima wa LP usipande. Kishindo cha sindano kutua kwenye santuri hufanya vivyo hivyo, na mara nyingi ndicho kirefu kuliko vyote.

Kwa hiyo kazi ilifuata utaratibu, na utaratibu wenyewe ndio dawa. Kwanza kukata mwanzo na mwisho: kutua kwa sindano, kunyanyuliwa kwake, mfereji mtupu. Pili, kuchuja kilicho chini ya hezi 20, kwa sababu santuri iliyopinda hunyanyua mkono mara moja kila mzunguko, na mkono wenyewe hutikisika kwenye hezi 8 hadi 12. Masikio hayasikii hayo ila mita inayahesabu na yanakula nafasi. Tatu, kuondoa mipasuko. Ile mikubwa michache iliondolewa mmoja mmoja kwa zana ya ukarabati ya Audacity, ambayo hushughulikia sampuli 128 kwa mara moja, yaani chini ya milisekunde 3, na hiyo inatosha. Kichujio cha mipasuko cha jumla kilipitishwa kwa upole tu, maana kikizidishwa hula tarumbeta na midundo ya ngoma ikidhani ni mikwaruzo. Mwisho kabisa ndipo sauti ikapandishwa: vilele vilikuwa −10.8, vikapelekwa −1. Ongezeko ni desibeli 9.8, kutoka kwenye faili ileile iliyokataa kuongezeka zaidi ya nusu.

Pande A na B zilipandishwa kwa kiasi kimoja zikiwa faili moja. Ukipandisha kila wimbo peke yake, wimbo wa taratibu uliokusudiwa kuwa mpole unalingana na wimbo wa kuchezea, na albamu nzima inakuwa tambarare.

Bado palibaki tofauti ya desibeli 8 hivi na CD mpya za pop, na hiyo si kasoro ya kurekodi. CD nyingi za sasa zimebanwa kiwandani mpaka wastani wake unakaribia dari, ilhali LP hii wastani wake uko mbali chini ya vilele vyake. Kikomeo cha vilele, zana inayovibana vilele ili sauti nyingine ipandishwe, kingeweza kuziba pengo hilo. Kikipunguza desibeli 2 au 3, wachache watagundua. Kikipunguza 8, ngoma zitalainika na rekodi itasikika imechoka. Kwa kisa hiki kilipewa desibeli 2 kwenye nakala ya CD peke yake, na zilizobaki ziliachiwa kidhibiti cha sauti cha redio.

Kuchoma

Hapa pana machache ya kuharibika. Faili ilitolewa kuwa WAV ya stereo, biti 16, sampuli 44,100, ikichanganywa na kelele ndogo ya kulainisha wakati wa kushuka kutoka biti 24. Ikachomwa kama CD ya muziki, si ya data, kwa mtindo wa diski nzima kwa mkupuo mmoja ili nyimbo zinazoungana zisikatwe na ukimya wa sekunde mbili. Mipaka ya nyimbo iliwekwa kwenye hatua za 1/75 ya sekunde, sawa na sampuli 588, kwa kuwa wimbo usiofika mwisho wa hatua hujaziwa ukimya na mahali pa kuungana husikika "tik". Programu ya kuchomea ilikuwa na chaguo lake la kusawazisha sauti, limewashwa bila kuombwa, nalo lingepandisha kila wimbo kivyake. Lilizimwa. Faili ya biti 24 iliyosafishwa, isiyopitia kikomeo, iliwekwa kando kwa ajili ya nakala zijazo.